Mama Pimamaji na Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutundika picha za watu wengine, Mratibu wetu wa Maonyesho anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Wachache katika jumba hili la sanaa wanakumbuka jina lililo kwenye kitambulisho chake. Sisi tunamwita Mama Pimamaji, kwa kuwa kifaa hicho cha mafundi cha kupimia unyoofu hakikosekani mkobani mwake.

Alianza kazi akiwa mtundikaji, na msimamo wake haukuyumba: picha iwe ndani ya fremu, fremu iwe usawa wa macho, maji chini, mbingu juu. Kisha mchoraji mmoja, binti mkimya, akaleta picha ya mji unaoning'inia chini ya ziwa, watu wakitembea vichwa chini na wala hawana habari. Mama Pimamaji akadhani picha imegeuzwa kwa bahati mbaya. Akaiweka "sawa", akaipima, akaridhika. Siku ya ufunguzi yule binti aliiona, akakaa sakafuni akalia, akisema hata humu ndani mji wake umelazimishwa kufanana na mingine.

Mama hakujitetea. Alipanda ngazi na viatu vyake vya sherehe, akaigeuza picha mbele ya wageni wote huku mgeni rasmi akisubiri na hotuba yake mkononi.

Tangu siku hiyo hapigilii msumari kabla ya kukaa sakafuni na msanii na kumuuliza: katika dunia yako, chini ni wapi? Wengine huonyesha ukuta, wengine dirisha. Mmoja aliwaza asubuhi nzima, chai ikaletwa mara mbili. Mimi fundi wa taa nimeonja joto ya jiwe: kuna msanii aliyeniagiza niwashe giza, na Mama akaniambia nisibishe, nitafute namna. Nilitafuta, nikaipata, na ninajivunia mpaka leo.

Kazi hizo zisizofuata desturi alizipatia Chumba cha Nyuma. Mgeni aliyekuja juu akiuliza kama hii nayo ni sanaa, alipewa kigoda akae kwanza, ndipo alalamike. Wengi wakikaa walisahau walichotaka kusema. Mzee mmoja hakusahau kamwe; hurudi kila mwaka na malalamiko mapya, na akichelewa Mama huulizia habari zake.

Mwaka jana bodi iliamua kwamba Mama akishaondoka, ukuta kati ya chumba hicho na stoo uvunjwe, pawekwe viti vya mikutano. Wasanii wake wangesubiri ukumbi mkubwa mpaka watakapochora kama wenzao. Alipinga katika vikao vitatu, na katika vyote hakufua dafu. Iliniuma kumwona akitoka kikao cha tatu, nikadhani amenyoosha mikono. Wapi!

Hapa kwetu kila mstaafu huchagua mahali pa kutundikwa picha yake, na kanuni ya bodi yenyewe inasema picha hiyo haitahamishwa kwa sababu yoyote. Wote waliotangulia walichagua korido ya ofisini. Wiki iliyopita tulikaa naye sakafuni Chumba cha Nyuma, yule binti mchoraji, sasa mama wa watu, akiwemo, tukamuuliza swali lake mwenyewe. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta uleule unaotakiwa kuvunjwa.

Picha yake iko pale, imefungwa kwa skrubu nne, na tumeipima. Jana Mwenyekiti wa bodi alikuja kuhakikisha kwa macho yake. Aliitazama, akautazama ukuta, akaitazama tena, halafu akaomba kigoda.

Asante, Mama Pimamaji, kwa kutubishia, kutufundisha na kutupenda. Tunakutakia maisha mema, afya tele, na asubuhi nyingi zisizo na ngazi. Nenda kapumzike, ukuta wako tunaulinda.