Msalaba wa Nyamburi

Kwenye Hiace ya Butiama, bibi mmoja mbele yangu alikuwa amempakata mjukuu wake wa kike aliyelala, na msalaba mpya wa chuma, wa kaburi, umelala miguuni pake. Akamuuliza kijana mwalimu aliyekaa naye, "Hili neno 'memory' juu ya jina la mama yangu maana yake nini?"

"Ni kumbukumbu, bibi. Ili asisahaulike."

"Asahaulike na nani? Jina lake la Nyamburi si tumempa huyu mjukuu? Mimi ninamwitaga mama, na ananigombezaga vilevile."

"Lakini maandishi yanadumu, bibi."

"Na kutu je?"

Gari likasimama. Bibi akamtikisa mtoto taratibu.

"Mama, amka. Tumefika kwako."