Mnadi Aliyepewa Kipaza Sauti Badala ya Daktari

Wasifu huu ulipaswa kusomwa na mdogo wake marehemu, maana katika ukoo huu wenye sauti za kusomea watu walikuwa wao wawili tu, wote wanadi. Jana alasiri alijaribu kuusoma sebuleni, aya ya kwanza ikamshinda. Sauti ilikwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. "Ni kilio tu, shemeji," akasema. Mjane akampokonya karatasi. "Kilio gani? Ulikuwa hivyo hivyo kabla kaka yako hajalazwa!" Ndiyo maana anausoma binti mkubwa, na ndiyo maana mjane ameagiza usitiwe sukari. Leo anamzika mmoja, na hataki kumzika wa pili.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Tarumbeta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga. Utotoni sikio lake la kulia lilikuwa likitoka usaha. Mtaa mzima ukageuka waganga: huyu alileta mafuta ya vuguvugu, yule maji ya majani, mwingine unyoya wa kuku wa kuchokolea. Vyote vilitiwa. Zahanati ilikumbukwa ngoma ya sikio ilipokwisha kutoboka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Kwa urefu wake alikalishwa nyuma, akachapwa kwa ukaidi ilhali alikuwa hasikii tu. Mwalimu wa darasa la nne, Mungu ambariki popote alipo, alimwita kutoka kulia, hakugeuka. Akamwita kutoka kushoto, akageuka. Akamhamishia dawati la mbele, na mtoto aliyekuwa akivuta mkia akaanza kuwasumbua wenzake wa juu. Lakini tabia ya kupayuka ilikuwa imeshamkaa. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1973, na walimu walikiri kwamba hawakuwahi kumwambia aongeze sauti.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika yadi ya mnada wa samani kuukuu karibu na kituo cha reli, akabaki hapo maisha yake yote ya kazi. Aliweza kuuza kitanda cha miguu mitatu na mnunuzi akashukuru. Hapo ndipo alipomwona mkewe. Binti wa watu alikuja kutafuta cherehani, na pua yake ina mzio wa vumbi tangu utotoni. Akainua leso apige chafya. Marehemu akagonga nyundo. "Kabati limeuzwa kwa dada mwenye leso nyeupe!"

"Mimi nimepiga chafya tu!"

"Na chafya imepokelewa!"

Walibishana mpaka yadi ikafungwa. Kesho yake alilipeleka kabati kwao yeye mwenyewe, wiki iliyofuata akaja kuuliza kama mlango wake unafunga, na baada ya hapo akawa anakuja bila kuuliza lolote. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Mlango wa kabati haujafunga hadi leo.

Sasa tuje kwenye linalomkera mjane. Mganga hajigangi, lakini huyu alizidi. Mtu akitokwa damu puani mnadani, marehemu alisimamisha biashara: "Usiangalie juu! Kaa, inama mbele, bana hapo penye nyama laini, pumulia mdomo, na usiachie kila mara kuchungulia!" Akamsimamia hadi damu ikate. Mjukuu wake alipojitia haragwe puani, shangazi mtu akaja mbio na kibano cha nyusi. "Msichokonoe, mtalisukuma ndani!" akapayuka, akambeba mtoto hospitali muda ule ule. Masikio ya wajukuu yalikatazwa njiti za kiberiti, pini na funguo. Maradhi ya wenzake aliyajua yote.

Yake je? Mapema mwaka 2022 sauti ilianza kukauka. Akasema ni vumbi. Mkewe akasema ni sigara zake za kila siku, twende hospitali. Akanywa tangawizi. Mkewe akasema twende. Akamung'unya pipi za koo. Wanadi wenzake, kwa upendo ambao mjane amejaribu kuwasamehe, wakamchangia kipaza sauti cha mkononi. Basi! Akawa ananong'ona ndani ya chombo, na bei inasikika mtaa wa pili. Kila mtu akamwambia, "Mzee, umerudi!" Mkewe peke yake ndiye aliyemsikia nyumbani, mezani, bila chombo. Sikio la kufa halisikii dawa, alimwambia, naye akacheka bila sauti.

Alikubali kwenda Machi 2023, chakula kilipokuwa hakishuki na shingo imeota uvimbe. Daktari hakugomba, na heri angegomba. "Sauti ikikauka kwa mafua au kwa kupiga kelele, ipumzishe, kunywa maji, itarudi," alisema. "Wiki tatu zikipita haijarudi, hasa kwa mvutaji, njooni tutazame koo. Nyingi si saratani. Ila kujua ipi ni ipi ni kazi yetu, si ya tangawizi." Yake ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshatambaa. Walimtoboa koo apate kupumua. Akawa anaagiza chai kwa kugonga kijiko mezani, mkewe akamwambia hata hivyo bado ana makelele. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, mkewe akiwa ameshika mkono wake na amemkasirikia. Bado amemkasirikia. Anampenda.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, mvutaji, ambaye sauti yake imekauka tangu Februari na ambaye sasa hivi anatazama viatu vyake. Baba mdogo, inua uso. Daktari wa koo anakungoja Jumatatu saa mbili asubuhi, na mjane atakuja kukuchukua mlangoni, eda au si eda. Huenda ni kitu kidogo. Kwa kaka yako nacho kiliwahi kuwa kidogo.

Yeye apumzike kwa amani. Wewe bado.