Zephania Hezroni Mchome, Mwalimu wa Mbwa wa Vudee (1951–2025)

Marehemu aliagiza mambo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usiwe mrefu kuliko mahubiri. La pili, usomwe na Agape, binti wa kaka yake Eliufoo, na si na mtoto wake wa kuzaa. Wengi mmeuliza kulikoni. Vuteni subira kidogo, sababu imo humu humu.

Mzee Zephania alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Vudee, mtoto wa nne wa Mzee Hezroni Mchome na Mama Eliaichi. Aliyemtangulia ni Eliufoo, ambaye alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni pacha walioshikana. Baba yao alikuwa na mbwa sita, na enzi hizo nguruwe pori walishuka kutoka msituni wakamaliza mahindi ya familia kwa usiku mmoja. Mwenye mbwa wazuri aliheshimika kijiji kizima.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Alipenda hesabu, hakupenda viatu. Mbwa wawili walimfuata kila asubuhi wakalala mlangoni mwa darasa, hata mwalimu mkuu akaandika kwenye ripoti yake: "Zephania ana bidii. Mbwa wake nao wanahudhuria vizuri." Ripoti hiyo ingalipo, mjane wake anaitunza ndani ya Biblia.

Mwaka 1972 alikwenda Kondoa kufanya kibarua cha barabara. Huko alifanya urafiki na wawindaji wa Kisandawe, wakamfundisha kuwinda na mbwa asiyebweka, anayeongozwa kwa mluzi mwembamba na ishara ya mkono. Alirudi nyumbani akamwambia baba yake kwamba mbwa wa Vudee wanapiga kelele kama kwaya iliyokosa mwalimu. Baadaye alikaa na Wamaasai huko tambarare, akaona wao hawamtumi mbwa hata kidogo: wanamlaza tangu mdogo katikati ya mbuzi mpaka ajione ni ndugu yao. Kote huko, alisema, aliambiwa neno moja, kwamba mwenye hasira asimfundishe mbwa.

Tarehe 10 Desemba 1977 alifunga ndoa na Beatha, muuguzi kutoka Gonja. Bibi harusi alikubali yote isipokuwa mbwa kulala ndani. Walijaliwa watoto watatu, Dorkas, Anold na Tumainieli.

Sasa tunafika mwezi wa Agosti 1983. Wazee mnaikumbuka siku ile, ila vijana mmesikia upande mmoja tu.

Wawindaji wetu humvisha mbwa kengele ndogo ya bati shingoni. Wakati wa kunyemelea huijaza majani makavu ya mgomba ili isilie. Kabla ya kumwachia mbwa, mwenyewe huyatoa majani, kengele ilie, na wenye mikuki wajue kwamba kinachotikisa miwa ni mbwa wala si nguruwe. Siku ile Zephania alimwachia Shauriyao, jike aliyempenda kuliko wote. Miwa ikatikisika bila mlio. Eliufoo akarusha mkuki, Shauriyao akafa papo hapo.

Watu walipokusanyika, kengele ilikuwa tupu, safi, ukiitikisa inalia. Zephania akaulizwa na mwenyekiti wa wawindaji kama aliyatoa majani. Akajibu, "Kengele si hiyo hapo? Mnaiona." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ikaamuliwa kwamba Eliufoo ama ni kiziwi, ama ana kijicho kwa sababu baba alimrithisha mdogo wake wale mbwa. Alinyang'anywa mkuki, hakuitwa tena kwenye msako wowote. Mwaka uliofuata alihamia Same kuuza mbao. Ndugu hawa waliendelea kusalimiana kanisani na kukutana misibani, lakini hawakula tena sahani moja. Inauma kuandika hivi.

Mwaka 1984, kwa barua ya udhamini ya mwenyekiti yule yule, marehemu aliajiriwa Moshi kufundisha mbwa wa ulinzi. Mbwa wenyewe walitoka Ujerumani, hawakusikia Kiswahili, basi naye akajifunza Kijerumani cha maneno saba. Alipostaafu mwaka 2008, usharika ukapata mgeni Mjerumani, waumini wakamsukuma Mzee Zephania mbele amkaribishe. Akasema, "Sitz!" Mgeni wa watu akakaa. Uzeeni aliendelea kufukuza nguruwe mashambani, hata kwa rafiki yake Muhidin kule Kisiwani, ambaye alimwomba mbwa wapite ng'ambo ya mfereji wasije wakamgusa karibu na saa ya swala. Marehemu aliwapitisha huko kila mara, bila kukumbushwa.

Alianza kuugua kisukari mwaka 2016, na mwaka jana figo zikashindwa. Mama Beatha alimuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Jumapili tarehe 25 Mei mwaka huu marehemu alimwita Eliufoo kutoka Same. Agape ndiye aliyemleta, akaketi nao chumbani, na yaliyosemwa aliyasikia.

Marehemu alisema, "Kaka, majani sikuyatoa. Nilisahau. Nilipoikuta kengele tupu nikajidanganya kwamba niliyatoa, miaka yote hii."

Eliufoo akamwambia, "Najua. Niliyatoa mimi kabla watu hawajafika."

Marehemu akauliza kwa nini. Eliufoo akasema, "Ulikuwa na mtoto mchanga, na barua ya Moshi ilikuwa bado haijaandikwa. Nani angemdhamini mwalimu wa mbwa aliyesahau kengele?"

Marehemu alilia sana. Kisha wakaomba ugali, wakala sahani moja, na tangu siku hiyo Eliufoo hakuondoka kitandani pake mpaka Jumanne tarehe 10 Juni, saa kumi na moja alfajiri, alipokata roho akiwa ameshikwa mkono na kaka yake.

Ameacha mjane, Mama Beatha, watoto watatu, wajukuu wanane, mbwa wanne, na kaka yake Eliufoo, aliyeketi hapa mbele katika kiti cha pili.

Neno la mwisho ni lake marehemu mwenyewe, tunalisoma kama alivyolisema: "Waambieni Wanavudee kosa lilikuwa langu. Waliompita kaka yangu njiani bila shikamoo, wampe leo, mbele yangu." Mpeni, ndugu zangu, kabla hatujamshusha marehemu kaburini. Ndipo Zephania atapumzika kwa amani.