Lavenda ya Mama Tadea

Mama yetu Tadea Ndimbo, ambaye leo tunamrudisha udongoni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 kijijini Litembo, mtoto wa tatu wa Mzee Kilian Kinunda. Alisoma shule ya masista hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1951 ili amuuguze mama yake. Tangu hapo hakuacha kuuguza watu, na tuseme ukweli, kazi hiyo ilimchosha.

Mwaka 1956 aliajiriwa misheni kufua nguo. Huko Sista Ottilia alimfundisha kutunza lavenda, ule mmea wa maua ya zambarau: kuikausha kivulini, kuishonea vifuko vya shuka kuukuu, na kuiweka chini ya mto wa asiyepata usingizi. Bahati mbaya, masista walikuwa wakiiweka pia kwenye majeneza yao. Watu wakaizoea harufu hiyo misibani, wakaikimbia. Mchana mmoja alimpelekea kifuko jirani mmoja mgonjwa, Mzee Urbani. Mzee akageukia ukutani.

"Tadea, umeniletea harufu ya jeneza. Ndiyo basi tena?"

"Bado, Baba. Lala kwanza."

Akalala hadi asubuhi, na akaishi miaka tisa zaidi. Hata hivyo ilimchukua Mama miaka mingi kuwatoa watu hofu, kitanda kwa kitanda.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1959 na Mansuetus Ndimbo, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Ruanda. Mwaka 1994, walipoingia wanunuzi binafsi na bei ikapanda, Baba alitaka kung'oa lavenda aliyoipanda Mama mbele ya nyumba, apande kahawa hadi mlangoni. Mama akamwambia, "Kahawa unayo kilima kizima, na bado hulali." Baba akalirudisha jembe ndani. Bei ilipoporomoka, waliokuja kuomba vifuko walikuwa wakulima wenzake.

Miguu ilianza kumvimba Novemba 2000. Daktari alisema ni moyo. Binti yake Violet alimuuguza miezi saba, sisi tukipokezana naye, hadi wote tukawa hoi. Siku za mwisho Mama alimwona Violet akishona kifuko cheupe, akajua ni cha nini.

"Usiniwekee kwenye jeneza."

"Hata kitawi kimoja, Mama?"

"Hata kimoja. Ukiniwekea, kesho utauogopa mto wako."

Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 6 Juni 2001, saa tisa alasiri. Jeneza hili halina lavenda. Kile kifuko cheupe kipo chini ya mto wa Violet. Jana mchana tulimlazimisha ajilaze. Anasema kilimtisha kidogo, lakini alilala.

Ameacha mume, Mzee Mansuetus. Watoto wanne, Violet, Dunstan, Aidan na Nazari. Na wajukuu kumi na mmoja. Tumechoka, ndugu zetu, nanyi mmechoka. Tukitoka makaburini, Violet atasimama mlangoni na ungo wa vifuko. Kila aliyekesha nasi achukue kimoja, akakiweke chini ya mto wake, asiogope.

Mungu ampe Mama pumziko lake, nasi leo tulale.