Aloys Ndunda Munyao (1958–2007): Mpiga Gitaa Aliyeingoja Mvua

Aloys Ndunda alizaliwa Kangundo tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Munyao na Mama Nzembi. Nyumba yao ilikuwa ya mabati, na mama yake alisema mtoto huyu hakuhitaji kubembelezwa: mvua ikianza kupiga juu, yeye analala.

Alisoma papo hapo Kangundo, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Kichwa alikuwa nacho, ila masikio yake yalikuwa dirishani. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya baba yake, na hayo tuyaache.

Tarehe 1 Desemba 1984 alifunga ndoa na Mwelu, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Gitaa lilimpeleka Matuu, likampeleka Kyumbi, na mwaka 1991 likamfikisha Mombasa, kwenye bendi ya hoteli. Huko aliimba wimbo aliotunga kwa Kikamba, "Mbua Uka", yaani mvua njoo. Watu wakaangua kicheko.

"We Mkamba, mbwa wako amepotea?" mpiga ngoma akamuuliza.

Ndunda alicheka nao, lakini ilimuuma. Aliuweka wimbo kando, akawapigia wageni nyimbo walizozitaka. Miaka ilipita, na alipojaribu kuurudia, mpigo wake, ule wa mvua juu ya mabati, ulikuwa umemtoka. Mvua ya Mombasa ilianguka juu ya makuti, hata hakuisikia vizuri.

Mwaka 1999 alirudi nyumbani kuutafuta, akakuta ukame umetangulia. Baadaye mvua zilikuja, lakini kila mara zilimkuta ugenini, kwenye harusi za watu. Mwaka 2003 aliitwa studio Nairobi. Aliingia, akaona kuta zimefunikwa magodoro, akarudi siku hiyo hiyo.

"Mwelu, huko hata ukikohoa hujiskii. Nitaimba aje?"

"Si ungeimba tu, Baba Nthenya, watu waskie?"

"Wataskia mbwa tena."

Mwaka 2005 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Machakos, kisha Nairobi, na safari za muziki zikaisha. Kuugua kulimhuzunisha sana, maana aliogopa kuondoka kabla ya wimbo wake kurudi. Lakini ndivyo mvua ya Novemba 2006 ilivyomkuta nyumbani. Alitoa kiti barazani, Mwelu akabonyeza redio kaseti, naye akaimba "Mbua Uka" mwanzo hadi mwisho, akifuata mabati. Alipomaliza alilia, na hakuona haya.

Alituaga asubuhi ya tarehe 9 Februari 2007, akiwa nyumbani, Mwelu amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mwelu. Watoto, Nthenya, Muli na Syokau. Mjukuu mmoja, Kamanthe. Na ndugu zake, Festus na Nzisa.

Kanda ile itachezwa leo hapa kaburini. Katikati mtasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Baba Nthenya, ingia ndani, unanyeshewa." Msidhani imeharibika. Mwelu aliomba warekodi upya, marehemu akakataa katakata.

Sasa ameingia, Mama Nthenya. Mungu ampe pumziko lenye amani.