Hsieh Pei-chun na Makuhani Waliokatishwa Viuno

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Hsieh Pei-chun, mkuu wa wachoraji wa studio yetu hapa Taichung, Taiwan, anastaafu tarehe 30 Juni. Alipoanza, alikuwa mwanamke pekee chumbani, akipewa mawingu na majani ya kupaka rangi. Leo hakuna mchezo wetu wa video ambao haukupita mkononi mwake. Wote tunakijua kicheko chake, na jinsi anavyotunyang'anya chai ya maziwa kwa kisingizio cha sukari, kisha anainywa mwenyewe.

Tulitaka kuishia kwenye sifa. Amekataa. "Andikeni na yale ya Tainan," ametuambia, "la sivyo sitokei kwenye sherehe ya kuniaga."

Katika mchezo wetu wa enzi za utawala wa Waholanzi kisiwani hapa, makuhani wa Wasiraya, wenyeji wa asili wa Tainan, wanawake walioheshimiwa na vijiji vizima, tuliwageuza wacheza ngoma nusu uchi. Kazi yao ilikuwa kukata viuno ili askari wapate nguvu. Pei-chun ndiye aliyewachora. Tukapewa tuzo.

Kwenye maonyesho ya michezo ya video huko Tainan, Bi Mai Chin-yu, mama wa Kisiraya, alimfuata mezani.

"Ni wewe uliyewachora hawa?"

"Ndiyo, Mama," akajibu Pei-chun kwa tabasamu, akidhani anaombwa saini.

"Mjukuu wangu hataki tena shule. Wenzake wanamwambia, 'Hebu kata kiuno kidogo, tupate nguvu!' Bibi yangu alikuwa kuhani, mwanangu. Hivi ndivyo ulivyomwona?"

Uso ukamshuka Pei-chun. Aliporudi studio alimkabili mkurugenzi wa wakati huo, naye akacheka: "Wanunuzi ndivyo wanavyopenda, bwana!" Hakuna mmoja wetu aliyefungua kinywa.

Tangu hapo likizo zake zote alizimalizia kijijini kwa Bi Mai, akijifunza na kuchora upya. Katika toleo la pili makuhani walivaa nguo zao, wakasema kwa sauti zao. Lakini lile la kwanza bado linauzwa, na humo bado wanakata viuno. Mjukuu alihamishwa shule.

Tulimwalika Bi Mai kwenye sherehe hii. Amejibu kwamba kwa ajili ya Pei-chun atakuja, ila mlango wetu hataukanyaga. Atamsubiri nje, waende wakale pamoja.

Asante, Dada Pei-chun, kwa kazi yako, na kwa kutulazimisha kuyasema haya. Tunakuombea mapumziko mema na afya tele. Hotuba tutazifupisha: mgeni wako atakuwa langoni, na sisi hatuna uso wa kumkaribisha ndani.