Methodius Kashaija na Mashine Iliyogomea Katikati

Tarehe 30 Juni 1958 Mzee Methodius Kashaija, dobi mkuu wa hospitali yetu ya misheni, atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wengi waliowahi kulazwa hapa hawajui jina lake, lakini hakuna hata mmoja wao ambaye hakulalia kazi yake.

Alizaliwa upande wa Kyerwa, kwenye nyika, katika ukoo wa wafugaji. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani. Kinachojulikana ni jina la ng'ombe aliyezaa wiki hiyo, pamoja na jina la mama yake ng'ombe huyo na la bibi yake. Mwaka 1927 alikuja hapa kwa miguu akiwa na kidonda mguuni. Aliporudi mara ya pili kubadilishiwa bendeji, alikuwa ameifua ile ya kwanza, ameianika na kuikunja, akamkabidhi daktari wa wakati ule ikiwa nyeupe kuliko ilivyotoka stoo. Daktari alitibu mguu na kumwajiri siku hiyo hiyo. Ndugu zake walipopata habari kwamba kijana wao anafua nguo za watu, walituma mjumbe kuja kuuliza kama amerogwa.

Miaka ile alifulia mtoni kwa sabuni ya mche, akaanika juu ya nyasi na kunyoosha kwa pasi ya mkaa. Siku moja ng'ombe wa jirani alikula nusu ya stola ya Padri, ule ukanda anaouvaa shingoni wakati wa Misa. Methodius alikuwepo na aliona kila kitu. Alipoulizwa kwa nini hakumfukuza, alijibu kwamba ng'ombe yule alikuwa na mimba, na ng'ombe mwenye mimba hasumbuliwi akiwa anakula. Padri alilikubali jibu hilo, ingawa ilimchukua Kwaresima nzima.

Lakini mtu akitaja jina la Methodius hapa, jambo la kwanza linalokumbukwa ni mashine.

Mashine ilikuja mwaka 1953. Bwana mifugo mmoja wa serikali alikuwa amehamishwa, na mke wake akaona ni afadhali kutuachia mashine yake ya kufulia kuliko kuibeba hadi pwani. Ilikuwa mashine ya nyumbani, iliyozoea nguo za baba, mama na watoto wawili: pipa jeupe lenye miguu minne, chini yake injini ndogo ya petroli inayowashwa kwa kukanyaga, ndani yake mti wenye mabawa unaozunguka huku na huku, na juu yake roli mbili za mpira za kukamulia. Methodius aliizunguka, akaipapasa ubavuni, akaiita Kitare, jina wanalopewa ng'ombe weupe. Tangu saa ile sote tulianza kuisema kama ng'ombe, na hatujaacha. Papo hapo akatoa sharti: kwa kuwa kwao mwanamke hakamui ng'ombe, hakuna mwanamke atakayegusa roli zile.

Dafroza, msaidizi wake, ni mwanamke wa Ihembe aliyekulia kwenye migomba, asiyeogopa ng'ombe wala mwenye ng'ombe. Alimwambia, kama binti kwa baba yake, "Sawa, Tata. Na nguo zote za wodi ya wazazi kamua mwenyewe."

Methodius alizikamua zote. Mikono ilimvimba hadi akashindwa kushika kijiko, lakini sharti likabaki pale pale.

Shida ilianza baada ya muda mfupi. Kitare aliwaka vizuri na kufua vizuri, kisha katikati ya kazi akapunguza mwendo, akanguruma, akatoa harufu ya mpira unaoungua, akanyamaza. Pipa limejaa maji ya sabuni, shuka zimeloa, hakuna kilichokwisha. Akipumzishwa aliwaka tena, akaenda kidogo, akanyamaza. Halafu ikaja wiki nyingine akafua siku zote bila hata kuguna, kama vile anatudhihaki.

Novatus, dereva wa lori la misheni, aliitwa. Alitoa plagi, akaisugua, akairudisha. Alimwaga petroli yote na kuichuja kwa kitambaa. Alikaza mkanda unaovutwa na injini. Kitare akafia katikati vile vile.

"Injini ni nzima," alisema Novatus. "Kuna kitu kinaikaba."

"Hajakabwa," alisema Methodius. "Amenuna."

"Mashine hainuni, Mzee."

"Wewe umezoea lori. Lori halina tabia."

Sista Evangelina, msimamizi wa hospitali, hana desturi ya kusema jambo mara mbili. Alisema mara moja tu kwamba Kitare asipomaliza kazi yake kabla ya Pasaka, atapelekwa misheni nyingine iliyomwomba. Dafroza na wanawake wenzake wa kufua watarudi mtoni, na Methodius, ambaye mgongo wake hauwezi tena kuinama mtoni, atapewa kazi ya kutunza nguruwe.

Uzito wa neno hilo ni lazima ueleweke. Nguruwe wa misheni ni wanyama wazuri na wanono. Lakini kwa mtu wa nyikani, ambaye kwao hata mbuzi ni mnyama wa kuvumiliwa tu, kumaliza maisha ya kazi akiwa mchunga nguruwe ni sawa na kufutwa katika mazungumzo ya ukoo. Methodius hakulalamika. Alijibu, "Nimesikia, Sista," akaenda kukaa nyuma ya chumba cha kufulia, uso wake ukielekea kwao.

Kuanzia siku ile alimtibu Kitare kwa ujuzi wote aliozaliwa nao. Kwanza alimpumzisha kila alasiri na kumfunika gunia. Kisha akaanza kumwimbia. Kwao ng'ombe husifiwa kwa pembe zake, na kwa kuwa Kitare hakuwa na pembe, Methodius alizisifu roli. Wagonjwa wa wodi ya wanaume walijikokota hadi dirishani kusikiliza, na mzee mmoja aliyekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani alisingizia homa ili asikose mwisho wa wimbo.

Wimbo haukusaidia, ndipo akaleta chumvi. Kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe aliyezubaa hunyweshwa maji ya chumvi, naye akachangamka. Methodius alimimina ndani ya pipa kiasi kinachomtosha ng'ombe mkubwa. Sabuni ilikataa kutoa povu, ikaganda vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika, na shuka zilipokauka zilisimama zenyewe. Daktari alijilaza kidogo juu ya moja ya shuka hizo baada ya chakula cha mchana, akaamka akijikuna, akajiandikia dawa ya upele.

"Sasa, Tata, bado kumtafutia dume tu," alisema Dafroza.

Methodius alilifikiria shauri hilo kwa muda mrefu kiasi cha kututia wasiwasi.

Dafroza mwenyewe aligundua kwamba sakafu imeinama, akaweka vibao chini ya miguu miwili ya mashine. Novatus akasema mashine ya familia moja haiwezi kubeba shuka za wodi nzima, wakapunguza mzigo. Yote mawili yalikuwa kweli, na Kitare alikwenda mbali zaidi kuliko siku zote. Kisha akanyamaza.

Ikafika Jumatatu ya Juma Kuu. Sista Evangelina alikuja mwenyewe kuangalia, na waliokuwa zamu wakajipanga mlangoni. Kitare aliwaka. Waliingiza shuka, kisha foronya, na mwisho aproni za wafanyakazi, ya Methodius ikiwa juu kabisa. Mabawa yalizunguka, povu likapanda, na watu wakaanza kutazamana kwa matumaini. Ilipofika katikati Kitare alinguruma, harufu ya mpira ikatokea, akanyamaza. Sista aligeuza macho kuelekea banda la nguruwe.

Ndipo Methodius akasema kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa macho, "Hajanuna. Ndama amekaa vibaya."

Aliagiza siagi. Alivua shati, akajipaka siagi mkono wa kulia hadi begani, kama afanyavyo mfugaji anayemsaidia ng'ombe kuzaa. Novatus alijaribu kusema kwamba ni afadhali maji yatolewe kwanza.

"Shika mkia," aliamuru Methodius.

Kitare hana mkia. Novatus, ambaye alikuwa amekwisha kuchoka kubishana, alishika mpira wa kutolea maji. Methodius alizamisha mkono katika povu, akafumba macho, akaukamata ule mti wenye mabawa kutoka chini, akaubembeleza kidogo kulia, kidogo kushoto, akavuta. Mti ulichomoka ghafla, naye akaanguka chali akiwa ameukumbatia kifuani. Dafroza aliingiza mkono mahali ulipokuwa, akatoa ngumi iliyojaa buni za kahawa, nene, zilizovimba.

Nyumba za huku kwetu Karagwe humpokea mgeni kwa buni za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake. Kuzikataa ni kumtukana mwenyeji. Methodius, ambaye magego yake yalikuwa yamekwisha kumtoka, hakuwa na moyo wa kuzikataa wala uwezo wa kuzitafuna. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na mwenyeji alipogeuka akazitia katika mfuko wa aproni. Aproni ikaingia kwenye mashine. Buni zikiwa kavu zilijificha chini ya mabawa bila matata. Zikishakunywa maji zilivimba, na zikivimba zikayakaba. Wiki ambazo Methodius alikaribishwa na watu wengi, Kitare alifia katikati. Wiki za mvua kubwa, watu walipojifungia majumbani mwao, Kitare alifua salama.

"Hizi ni za nani?" aliuliza Sista Evangelina.

Methodius alikuwa bado sakafuni, mkono ukimeremeta kwa siagi. "Ni zangu, Sista," alisema. Kila mtu alijua jibu hilo linampeleka wapi.

"Si zake," alisema Dafroza. "Hizo nilimpa mimi jana, baada ya Misa."

Novatus akasema nyingine ni za kwake, alimpa juzi, na Mzee alishukuru vizuri sana.

"Kumbe hukuzila, Mzee?" aliuliza mpishi kutoka mlangoni. "Zangu nilizichemsha na majani ya viungo."

"Ndiyo maana mashine ikakabwa," alisema Novatus.

"Zangu hazikabi mtu. Zako ndizo mbichi."

Kila mmoja akaanza kutetea kahawa ya nyumbani kwake. Sista aliokota buni moja kutoka kiganjani mwa Dafroza, akainusa. Tangu alipojifunza adabu ya nchi hii, yeye naye hana mgeni anayeingia ofisini kwake bila kukaribishwa buni chache kwenye kisahani, na asubuhi ile Methodius alikuwa ameingia kumsihi asubiri hadi Jumanne. Walioutazama uso wa Sista wanasema waliona fikra ikifika.

"Mifuko ya aproni ishonwe," alisema. "Mashine ibaki." Alipofika mlangoni akageuka. "Na wewe, Methodius, inuka hapo. Foronya zimeloa."

Dafroza aliishona mifuko siku hiyo hiyo. Tangu hapo Methodius, kwa kuwa hana pa kuficha, hulazimika kumung'unya kila buni anayopewa hadi iishe, na kwa jinsi kahawa inavyomchangamsha amekuwa mtu mwenye maneno mengi kuliko tulivyomzoea.

Yapo mengine mengi ya kumsifu. Wakati wa masika, jua linapopotea kabisa, hakuna mgonjwa aliyewahi kulalia shuka mbichi, kwa maana Methodius alizikausha jikoni, stoo, na mara moja kanisani, kwenye mabenchi ya nyuma. Lakini lipo moja ambalo halikushangiliwa na mtu, nami naona ndilo kubwa. Wiki iliyofuata Pasaka alimwita Dafroza, akamsimamisha mbele ya zile roli, akamwambia, "Anza na shuka. Vidole mbali." Sharti alilorithi kwa baba na babu aliliacha kwa maneno matano. Nimelifikiria jambo hilo kuliko inavyompasa mtu aliyeombwa kurasa mbili tu za jarida letu, na bado sijui ilimgharimu nini. Najua tu kwamba mwezi ujao Dafroza ndiye dobi mkuu wa hospitali hii, na kwamba aliyempendekeza kwa Sista ni Methodius.

Sasa Mzee anarudi Kyerwa kwa wanawe. Mjumbe amekwisha kufika, safari hii akiwa hana swali, ila ameleta kibuyu cha maziwa na salamu za ukoo mzima.

Mzee Methodius, kwa niaba ya wauguzi, wapishi, madereva, masista, na watu wote waliopata nafuu juu ya shuka safi bila kujua wamshukuru nani, pokea shukrani zetu. Tunakuombea mgongo usiouma, malisho yasiyokauka, na wajukuu wa kukusikiliza. Jumanne asubuhi tutaanza kufua bila wewe. Tutakosea, na tutajitahidi tusikuite.